Pigo Liandikwe Mara Moja

Atazamaye majumba ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, huona umbo moja la dirisha likirejewa ghorofa baada ya ghorofa. Taarab nayo ina marejeo yake: pigo la wahed unus huzunguka mara nyingi katika wimbo mmoja.

Vijana wetu wanaoandika muziki kwa kompyuta wana chombo kizuri katika LilyPond, programu huru isiyouzwa, iliyoanza kutungwa mwaka 1996. Mwandishi hupiga chapa herufi na tarakimu, nayo programu huchora nota. Anayenakili pigo lile lile mara 32 hupoteza wakati. Na akikosea, ana mahali 32 pa kusahihisha. Lililo bora ni kulipa pigo jina, tuseme wahed, kisha kuandika amri moja tu:

\repeat unfold 32 \wahed

Kosa likirekebishwa katika asili, limerekebishwa kote.

Hata hivyo, ufupi usigeuke uvivu. Mpiga dumbak hodari si mashine: hupamba, hupunguza, hunyamaza. Mapambo hayo hayana budi kuandikwa mahali pake, yasifunikwe na amri.

Tangu Nadi Ikhwan Safaa ilipoasisiwa mwaka 1905, ufundi huo umerithishwa zaidi kwa sikio. Mzee anapofariki, huenda na aliyoyahifadhi kifuani. Kwa hiyo tunawahimiza vijana: wakati mtakaouokoa kwa amri hiyo, utumieni kuwasikiliza wazee wangali hai.