KUCHAGUA KINGA YA KOMPYUTA YA NYUMBANI

Umekwisha kujifunza kwamba surua na mafua huletwa na virusi, na kwamba virusi hivyo haviwezi kuongezeka mpaka viingie ndani ya chembe hai. Vipo virusi vya namna nyingine visivyo na uhai hata kidogo. Huwezi kuviona kwa hadubini, wala haviwezi kumwambukiza mtu homa. Hivyo ni virusi vya kompyuta.

Kirusi cha kompyuta ni programu, yaani mfululizo wa maagizo, iliyoandikwa na mtu kwa makusudi. Programu hiyo hujinakili yenyewe, hujipachika katika programu au faili nyingine, kisha hungojea kufunguliwa. Iliitwa kirusi kwa sababu ya tabia hiyo ya kuhitaji mwenyeji ili ipate kuenea.

Tufikiri juu ya nyumba moja mjini Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa na hatimaye Zambia. Mama wa nyumba hiyo ana duka dogo, naye huandika hesabu za wadeni wake katika kompyuta ya mezani. Ndani ya kompyuta hiyo zimo pia picha za harusi ya shangazi, pamoja na barua ya kaka ya kuomba kazi. Siku moja kaka anaitia barua yake katika flashi na kwenda kuichapisha katika duka la steshenari. Dukani hapo kompyuta ni moja tu, na kutwa nzima huchomekwa flashi za watu mbalimbali: mwalimu, dereva wa lori, mwanafunzi wa chuo aliyeshuka katika basi la Mbeya. Kaka anaporudi nyumbani na kuchomeka flashi yake, anaona kwamba kila folda ina mshale mdogo pembeni mwa picha yake.

Mshale huo ni dalili unayopaswa kuijua. Kirusi kimezificha folda za kweli na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale. Mtu akibonyeza njia ya mkato, kirusi huamka kwanza na kuingia katika kompyuta. Kisha folda ya kweli hufunguka kama kawaida, hata mwenyewe asishuku jambo. Tangu hapo kila flashi itakayochomekwa katika kompyuta hiyo itaambukizwa.

Watu wengi wakiona hivyo hudhani kwamba kazi yao imepotea, wakaamua kuifuta flashi yote. Hapo ndipo hasara ya kweli hutokea, maana mara nyingi faili zao zilikuwa bado zimo, ila zimefichwa. Usibonyeze mshale, wala usifute kitu. Mwombe mtu mzima aisafishe kompyuta pamoja na flashi kwa programu ya kinga, kisha aiagize kompyuta ionyeshe faili zilizofichwa, zikiwemo zile za mfumo. Barua ya kaka itaonekana.

Njia hii ya kusafiri mikononi mwa watu si ngeni. Mwaka 1986 ndugu wawili waliokuwa na biashara ya kompyuta katika mji wa Lahore, Pakistan, waliandika kirusi kilichoitwa Brain. Wakati huo flashi hazikuwapo, watu walipashana diski laini. Hata hivyo Brain kilivuka bahari na kufika Marekani.

Sasa tuone jinsi kinga inavyofanya kazi. Mfikirie askari aliyesimama kwenye kizuizi cha barabara. Mkononi ana orodha yenye alama za wahalifu wanaojulikana, na kila apitaye humlinganisha na orodha hiyo. Programu ya kinga hufanya vivyo hivyo: hulinganisha kila faili na orodha ya alama za virusi vilivyokwisha kugunduliwa. Lakini mhalifu mpya hayumo katika orodha. Kwa hiyo askari mwema hutazama pia mwenendo. Akimwona mtu anajaribu kufungua mizigo ya abiria wote mmoja baada ya mwingine, humzuia hata kama hamjui. Kadhalika kinga nzuri huizuia programu inayoanza kubadili faili nyingi kwa haraka isivyo kawaida.

Bila shaka umeona kwamba orodha ya zamani haina faida kubwa. Virusi vipya hutungwa kila siku, kwa hiyo orodha nayo lazima ipokewe kwa intaneti mara kwa mara. Hili ni jambo la kwanza la kupima kabla ya kuchagua kinga, hasa katika nyumba za Kilosa na Mikumi ambako wengi hutumia bando la simu. Kinga ya bei kubwa isiyopata bando la kujisasisha ni askari aliyelala.

Kabla ya kununua, tazama kwanza kilichomo. Kompyuta zenye Windows 10 au Windows 11 huja na kinga iitwayo Microsoft Defender, nayo haina malipo. Kwa familia tuliyoitaja, kinga hiyo inatosha, mradi isizimwe na ipate kusasishwa. Akitokea mtu akasema kwamba kinga mbili ni bora kuliko moja, usimsadiki. Kinga mbili zikikesha pamoja, kila moja huishuku nyingine, na kompyuta huwa nzito kama gari lililopakiwa kupita kiasi.

Ikiwa mzazi ameamua kununua, asitegemee maneno ya muuzaji peke yake. Ziko taasisi ambazo kazi yake ni kuzipima kinga, kama AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. Hupima idadi ya virusi vinavyokamatwa, kiasi ambacho kompyuta hupunguzwa mwendo, na mara ngapi kinga hutoa kengele ya uongo kwa kukamata faili isiyo na hatia. Aulize pia malipo ni ya muda gani, kwani nyingi hulipiwa kwa mwaka. Programu yenyewe ichukuliwe kwa mtengenezaji. Nakala ya wizi inayogawiwa bure huweza kuwa ndiyo kirusi. Vilevile, tangazo likijitokeza ghafula kupiga kelele kwamba kompyuta ina virusi vingi na kukutaka ubonyeze upesi, lifunge. Huo ni mtego.

Hata hivyo kinga haiwezi kuziba kila tundu. Tarehe 12 Mei, 2017, kirusi kiitwacho WannaCry kilianza kuenea, kikafika katika nchi zaidi ya 150. Hakikungoja mtu abonyeze kitu. Kilipita chenyewe katika mitandao kwa kutumia kasoro iliyokuwa ndani ya Windows. Kilizifunga faili kwa hesabu za siri na kudai dola 300 za Marekani ili zifunguliwe. Nchini Uingereza hospitali nyingi zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba marekebisho ya kasoro hiyo yalikuwa yametolewa tarehe 14 Machi mwaka huo huo, karibu miezi miwili kabla. Waliodhurika hawakuwa wameyaweka. Ndiyo sababu inafaa kujua kwamba marekebisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba, 2025.

Mama wa dukani anahitaji pia nakala ya pili ya hesabu zake, iliyowekwa mbali na kompyuta. Nakala hiyo humwokoa katika mambo mengi zaidi ya virusi. Mafuriko ya mto Mkondoa yaliyoikumba Kilosa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu nyumba na reli. Hakuna programu ya kuzuia maji.

JARIBIO

Iko faili isiyo na madhara iitwayo EICAR, yenye herufi na alama 68 tu, ambayo watengenezaji wa kinga wamekubaliana kuitambua kana kwamba ni kirusi. Mwalimu wako aijaribu katika kompyuta ya shule. Je, kinga ilipiga kengele? Andika katika daftari ujumbe uliotokea.

MASWALI

1. Kirusi cha kompyuta kinafanana na kirusi cha surua kwa jambo gani? Kinatofautiana nacho kwa jambo gani?
2. Kwa nini kaka hakupaswa kuifuta flashi yake?
3. Kinga ambayo haijasasishwa kwa mwaka mzima inaweza kukamata virusi gani? Virusi gani vitaipita?
4. Waulize wenye duka la steshenari lililo karibu nanyi: flashi ya mteja hukaguliwa kabla ya kufunguliwa, au baada yake?