Fahamu: Shahada ya anthropolojia, ajira na deni la Bodi

Kijana wa Urambo, mkoani Tabora, akihitimu sosholojia na anthropolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nyumbani wanamuuliza: utaajiriwa wapi?

Tangazo la kazi linalomtaka mwanaanthropolojia kwa jina ni nadra kama mvua ya Julai Tabora. Mlango uliozoeleka ni uafisa maendeleo ya jamii, kupitia Sekretarieti ya Ajira. Afisa huyo husimamia, pamoja na mengine, mikopo isiyo na riba ya halmashauri: asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Huenda mkopeshaji mwenyewe anadaiwa mkopo uliomsomesha chuo.

Tangu 2016 Bodi ya Mikopo hukatiwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa mdaiwa. Awali ilikuwa 8. Kwenye mshahara wa shilingi 700,000, zinaondoka 105,000 kila mwezi, kabla hata ya kodi ya nyumba. Nafuu ilikuja 2021, tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilipofutwa.

Je, elimu hii ina kazi? Mradi wa karanga wa Waingereza, uliovunjwa 1951, ulifika Urambo na matrekta mengi kuliko maswali kwa wakulima, na kuuliza maswali hayo ndiyo kazi ya mwanaanthropolojia. Jirani, Ulyankulu, wanaishi Warundi waliokimbia mwaka 1972 na vizazi vyao, wengi sasa raia wa Tanzania. Mashirika yanayofanya utafiti katika makazi kama hayo huhitaji watu wa fani hii, ila mara nyingi kwa mkataba wa muda mfupi.