Je, Wajua? Kipanya cha Kwanza Kilikuwa na Kitufe Kimoja

Kipanya cha kwanza cha kompyuta kilikuwa kijisanduku cha mbao. Kilibuniwa na Douglas Engelbart na kuundwa na Bill English mwaka 1964 huko Menlo Park, California, kikiwa na kitufe kimoja. Engelbart alipokionyesha hadharani mjini San Francisco, Desemba 1968, vitufe vilikuwa vitatu. Sababu aliyoitoa ni nyepesi: nafasi ilitosha vitatu.

Kompyuta ya Xerox Alto ya mwaka 1973 nayo ilikuwa na vitatu, na hapo watumiaji wakapata taabu, kwani kila programu ilivipa kazi yake yenyewe. Larry Tesler, aliyetoka Xerox akahamia Apple, alishikilia kwamba kimoja kinatosha: mwenye kitufe kimoja hakosei kitufe. Kompyuta za Apple, Lisa ya mwaka 1983 na Macintosh ya 1984, zikatoka hivyo.

Lakini kazi haikupungua, ilihamia kwenye kidole. Kitufe kilekile kilitakiwa kuchagua faili na pia kulifungua, ndipo ikabidi kubofya mara mbili upesi. Mtazame anayeshika kipanya kwa mara ya kwanza. Anabofya, anasita, anabofya tena. Kompyuta inaona amechagua tu, hakuna kinachofunguka. Akiharakisha, mkono unateleza na faili linaburutwa pembeni. Mzee mwenye vidole vinavyotetemeka hupata shida zaidi.

Hata hivyo Tesler alikuwa na hoja nzito. Pasipo kitufe cha pili, waandishi wa programu walilazimika kuweka kila amri kwenye menyu inayoonekana. Windows 95 ilipoeneza menyu ya kitufe cha kulia, wazoefu walifurahia wepesi wake, ila mgeni aliweza kukaa miezi bila kujua kwamba ipo. Kwa maoni yangu vitufe viwili ndivyo vinavyofaa, mradi cha pili kiwe njia ya mkato tu. Amri inayopatikana huko peke yake ni amri iliyofichwa.

Apple yenyewe ililegeza msimamo mwaka 2005 kwa kutoa Mighty Mouse, iliyotambua kidole cha kulia na cha kushoto. Gurudumu la katikati, lililoenezwa na IntelliMouse ya Microsoft kuanzia mwaka 1996, halikuzua ubishi kama huo: katika karibu kila programu limepewa kazi ileile, kupandisha na kushusha ukurasa, na anayelizungusha huona matokeo papo hapo.