Kwa nini herufi za stensili hukatika katikati

Na Mwandishi Wetu

HERUFI zinazopigwa kwenye magunia ya kahawa, masanduku ya mizigo na kuta za maghala huonekana zimekatika, kana kwamba mchoraji aliishiwa rangi. Kukatika huko si kasoro.

Stensili ni bati au karatasi ngumu iliyotobolewa umbo la herufi, kisha rangi hupitishwa juu yake. Herufi kama O, A na B zina sehemu iliyozungukwa pande zote. Fundi akiikata O nzima, kipande cha katikati huanguka na linalobaki ni tundu tupu. Ili kukishikilia kipande hicho, huacha vijidaraja vyembamba, na rangi haifiki penye vijidaraja hivyo.

Katika miaka ya 1925 na 1926, Josef Albers, mwalimu wa Bauhaus, shule ya sanaa na ufundi iliyokuwa wakati huo mjini Dessau, Ujerumani, aliligeuza hitaji hilo la fundi kuwa msingi wa alfabeti mpya. Alitumia maumbo matatu tu: mraba, pembetatu na robo duara.

Herufi zake hazina mikunjo ya kalamu. Ni vipande vizito vilivyotenganishwa na nyufa, na jicho la msomaji ndilo linaloviunganisha.

Baadaye Albers aliliendeleza wazo hilo kwa vipande vya kioo, safari hii kwa mraba, robo duara na duara kamili. Faida yake ilikuwa ya kiuchumi: badala ya kuweka akiba ya kila herufi, karakana ingeweza kuziunda zote kwa vipande vya aina chache.

Mwaka 1929, Paul Renner naye alitoa Futura Black, herufi nene za mtindo huohuo. Ile iitwayo Stencil, ambayo wengi huihusisha na masanduku ya jeshi, ni nyingine kabisa. Ilibuniwa na Gerry Powell nchini Marekani mwaka 1937, na haina herufi ndogo.

Albers alizikusudia herufi zake kwa mabango na maandishi makubwa yanayosomwa kwa mbali. Zikipunguzwa hadi ukubwa wa maandishi ya gazeti, nyufa huzibwa na wino na maneno hugeuka madoa.

Hatari zaidi iko kwenye tarakimu. Rangi nyepesi ikivuja chini ya bati, 6 huweza kusomeka kama 8, na mzigo wenye namba isiyosomeka vyema huweza kufika kwa asiye mwenyewe.

Siku hizi kompyuta hukata herufi bila bati wala rangi, hivyo nyufa nyingi kwenye mabango ya maduka ni pambo tu. Fundi wa stensili huzitambua mara moja: ufa umewekwa mahali ambapo, kwenye bati, kipande cha katikati kingekuwa kimekwisha kuanguka.