Kidonda Kisichouma

Mgonjwa wa kisukari akiketi mbele yangu kliniki, hapa Dar es Salaam, hunyoosha kidole akingoja nimchome. Mimi namwambia avue viatu na soksi. Wazee hushangaa: "Sista, nimekuja kupima sukari, miguu ya nini?"

Sukari ya asubuhi inatoa habari za asubuhi hiyo tu, na wapo wanaoshinda na njaa siku mbili kabla ya kliniki ili namba ipendeze. Kipimo kisichohongeka ni HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita. Kwa watu wazima wengi tunataka kiwe chini ya asilimia 7. Lakini hata hicho hakitoshi. Utafiti mkubwa wa Uingereza ulioanza mwaka 1977, wenye wagonjwa zaidi ya 5,000 wa kisukari cha aina ya pili, ulionyesha kuwa waliodhibitiwa presha kwa ukali walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 44 kuliko wenzao. Kwa hiyo mtu mwenye sukari nzuri na presha mbovu simpongezi. Mvuta sigara naye simpongezi.

Turudi miguuni. Nina kiuzi cha nailoni kinachopinda kikikandamizwa kwa uzito wa gramu 10. Mgonjwa anafumba macho, nagusa wayo, aniambie anaposikia. Wengine hukaa kimya mpaka namaliza. Hao ndio wanaoninyima usingizi, kwa sababu mguu wenye ganzi hauna mlinzi. Mama mmoja alikanda nyayo zake kwa maji ya moto ili kuondoa ganzi. Malengelenge aliyagundua mjukuu. Mwaka 2005 madaktari wa jiji hili waliandika katika jarida la kitaalamu kuhusu wagonjwa walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Tunasema panya hung'ata huku akipuliza. Kwa mguu wa namna hii hana haja ya kupuliza.

Ganzi ikikutana na mishipa ya damu iliyoziba, kidonda kidogo cha kandambili kinaweza kuishia kukatwa mguu. Na aliyewahi kupata kidonda, hata kama kilipona vizuri, ndiye ninayemwita mara kwa mara kuliko wote, maana uwezekano wa kupata kingine ni mkubwa mno.

Figo na macho nayo huharibika bila kelele. Protini huanza kuvuja kwenye mkojo mgonjwa akiwa hajavimba popote, na retina inaweza kuwa inavuja damu huku mtu bado anasoma gazeti. Tena kisukari cha aina ya pili huweza kukaa mwilini miaka kadhaa kabla hakijagunduliwa, ndiyo maana vipimo hivi huanza siku ile ile mtu anapoambiwa anaumwa. "Mimi ni mgeni wa ugonjwa huu" si kinga.

Ndugu msomaji, kama una kisukari na mwaka huu hujapimwa protini kwenye mkojo, wala kutiwa dawa ya kupanua mboni ili macho yachunguzwe, omba ufanyiwe. Kagua nyayo kila jioni. Usipoweza kuinama, mwite mtoto akuangalie. Ukiona kidonda, hata kama hakiumi, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo.