Usikivu wa FM: antena kwanza, wati baadaye

Tangu Radio One ianze kurusha matangazo Dar es Salaam mwaka 1994, na Capital FM ikafuata Nairobi mwaka 1996, redio binafsi za Afrika Mashariki zimekuwa zikiuza bidhaa moja: usikivu. Mwenye tangazo la sabuni haulizi studio ina maikrofoni gani. Anauliza redio inasikika hadi wilaya ipi, na jibu hilo ndilo linalopanga bei. Kwa hiyo malalamiko ya mikwaruzo yakianza kuingia, wakurugenzi wengi hukimbilia kununua mtambo mkubwa zaidi.

Hapo ndipo pesa hupotelea. Mtambo wa kilowati 2 badala ya kilowati 1 huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji wa pembezoni anaweza asiitambue, ilhali bili ya umeme wa mtambo, pamoja na dizeli ya jenereta, hukaribia kuongezeka maradufu kila mwezi. Desibeli 3 zilezile hupatikana kwa kupanga antena nne mnarani badala ya mbili, gharama inayolipwa mara moja. Antena haizalishi nguvu. Hukusanya ile iliyokuwa ikipotelea angani na chini ya mnara, ikaielekeza kwenye upeo wa macho waliko wasikilizaji.

Dawa hiyo nayo ina kiasi chake. Kituo kilichopandisha mnara mlimani kikizidisha antena, mawimbi hubanwa yakapita juu ya mji ulio chini ya mlima, na watu wanaouona mnara kwa macho wakabaki na mikwaruzo. Fundi mzuri huinamisha mawimbi kidogo kuelekea chini kwa kurekebisha urefu wa kebo zinazolisha kila antena.

Kimo hulipa kuliko yote. Mawimbi ya FM, yanayotumia megahezi 87.5 hadi 108, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Kwenye ardhi tambarare, antena iliyo mita 30 juu ina upeo wa takribani kilomita 28 kwa redio iliyoshikwa mkononi. Ikiwa mita 120, upeo hufika kama kilomita 50, yaani eneo kubwa zaidi ya mara tatu. Lakini mnara mrefu unadai kebo ndefu. Mita 100 za kebo ya nusu inchi hula takribani asilimia 40 ya nguvu kabla haijafika juu. Kebo nene ya inchi 7/8 hula kama robo. Ni ajabu kuona kampuni ikikopa benki kununua mtambo mpya huku ikibana matumizi kwenye kebo.

Mkao wa antena ni suala jingine. Waya wa spika za masikioni, ambao ndio antena ya redio ya simu, huning'inia wima, na antena nyingi za magari husimama. Kituo kinachorusha mawimbi yaliyolala tu hujinyima wasikilizaji hao, ndiyo sababu vingi hutumia antena za mzunguko, zinazotoa mawimbi ya mikao yote miwili. Tena antena ikifungwa ubavuni mwa mnara wa chuma, mnara huvuruga mawimbi, na upande mmoja wa mji unaweza kusikia vibaya.

Asiyeweza kujenga mnara anaweza kupanga nafasi kwenye mnara wa pamoja. Jengo la Empire State, New York, lilifungwa antena ya pamoja ya FM mwaka 1965, na vituo kadhaa vikaitumia kwa wakati mmoja. Kwa redio ndogo zinazogombania kilima kimoja, kila moja na mlingoti wake, mpango huo unastahili kufikiriwa upya.

Kabla fundi hajapanda, barua ipelekwe kwa mdhibiti: TCRA kwa Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Leseni hutaja masafa, mahali pa mnara na nguvu inayoruhusiwa, na antena mpya hubadili nguvu inayotoka hata kama mtambo haujaguswa. Nguvu isiyoidhinishwa si jambo dogo: juu tu ya megahezi 108 huanza masafa ya kuongozea ndege.