Dakika Mbili za Novemba

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!

Leo, wajukuu zangu, uongo ubaki nje. Haya yalitokea kweli, na mengine yalitokea hapa hapa tulipoketi.

Sogeeni karibu. Mnaliona bwawa letu la Nyumba ya Mungu, mitumbwi ikirudi na perege? Lilijengwa miaka ya 1960. Mwaka 1916 palikuwa na mto tu, miiba na mbung'o, na Milima ya Upare ikitazama kutoka mashariki kama inavyotazama sasa. Mwezi Mei mwaka huo, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Waingereza, likiongozwa na Jenerali Jan Smuts, lilishuka na bonde hili la mto na kwa njia ya reli ya Tanga, likiwafukuza Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi. Kabla mwezi haujaisha, Same ilikuwa mikononi mwa Waingereza.

Sasa jiulizeni: jeshi kubwa namna ile lilikula nini porini? Magari yalikuwa machache, tena yalikwama. Farasi na nyumbu waliumwa na mbung'o, wakafa njiani. Kikabaki kichwa cha mtu. Kila mpagazi alitwishwa kilo 25 hivi za unga, risasi au mchele. Chukua ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, ongeza kilo nyingine tano, kisha tembea nayo tangu alfajiri, tumbo likiuma. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, na wengi walichukuliwa kwa nguvu. Walioanguka kwa malaria, kuhara damu na njaa walikuwa makumi ya maelfu, wengi kuliko hata waliopigwa risasi.

Ukimuuliza mtoto wa London vita vile viliisha lini, atakujibu: tarehe 11 Novemba 1918, saa tano asubuhi. Kwao Ulaya ndivyo. Huku habari zilichelewa, watu wakaendelea kupigana siku mbili zaidi. Jenerali wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba, katika mji wa Zambia unaoitwa Mbala siku hizi.

Mwaka 1919 Waingereza walianza desturi ya kunyamaza dakika mbili tarehe ile na saa ile. Kisha Jumapili ya pili ya Novemba mfalme huweka shada la maua kwenye mnara wa London ambao chini yake hakuzikwa mtu yeyote. Watu hubandika kifuani ua jekundu la karatasi, mfano wa maua yaliyoota kwenye mashamba ya vita kule Ufaransa na Ubelgiji.

Desturi ile ya kunyamaza, mnajua ilitoka wapi? Afrika! Mwaka 1918, mjini Cape Town, mzinga ulilia kila siku saa sita mchana, na watu wote wakasimama kimya walipokuwa. Bwana mmoja wa huko, Percy FitzPatrick, aliyefiwa na mwanawe vitani, ndiye aliyepeleka wazo hilo London. Mfalme George wa Tano akalikubali.

Nasi tunayo siku yetu, 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Hapo mtaona mambo mawili yamekutana. Shada la maua lipo, na kimya kipo, kama kwa Waingereza. Lakini Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na wazee waliopigana vita huweka shoka. Tulichokikuta tulikichukua, tukaongeza silaha za babu zetu.

Lakini nani hasa alikumbukwa? Askari wa Ulaya aliandikiwa jina lake, kwenye jiwe la kaburi au kwenye mnara. Mpagazi, mara nyingi, hakuandikiwa chochote. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Uingereza na nchi zilizokuwa chini yake ilikiri jambo hilo: Waafrika, Waasia na wengine wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina, na huenda idadi ikafika 350,000. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Majina bado yanatafutwa.

Hapo ndipo kazi yenu inapoanza. Mnara wa mawe hauwezi kuuliza maswali, ninyi mnaweza. Mkienda nyumbani, ketini na mkubwa wa ukoo, mumuulize: kwetu nani alichukuliwa upagazi, akarudi au hakurudi? Akiwatajia jina, liandikeni kwenye daftari pamoja na kijiji chake na jina la baba yake. Waingereza wamekaa miaka zaidi ya 100 na kimya chao cha dakika mbili. Sisi tunaweza kuwajazia majina yaliyokosekana, na wa kuanza ni wewe uliyekaa mbele hapo.